Kujitolea kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili: mwongozo wa anayeanza, Mbeya na Iringa

Maswali ni yale yale kila mara. "Sina cheti cha ustawi wa jamii, nitapokelewa?" "Nimuulize mtoto ilikuwaje?" "Naweza kumchukua nikakaa naye kwangu?" Majibu mafupi: ndiyo, hapana, hapana. Majibu marefu yako hapa chini, kwa mtu anayeishi Mwanjelwa, Tukuyu, Mafinga, Ilula au kijiji chochote cha nyanda hizi, ambaye moyo anao ila hajui aanzie mlango gani.

Kwanza elewa kazi yenyewe. Upelelezi una mwenyewe, matibabu yana mwenyewe, hukumu ina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni Jumamosi mchana ya wiki ya saba baada ya tukio, majirani wameshachoka kuulizia na ofisi imefungwa. Kazi yako ni kumfikisha mtoto kwa wenye dhamana kwa wakati, halafu kubaki naye wao wakishaondoka. Ukiona unafanya kitu nje ya hayo mawili, simama ujiulize nani kakutuma.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, na nakala 3.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unachoishi, yenye mhuri.
- Wadhamini 2 wasio ndugu zako. Mwalimu, kiongozi wa dini au mwajiri anafaa.
- Kaunta buku moja la jalada gumu na kalamu ya wino. Penseli hapana, kwa sababu inafutika na maneno yake hayaaminiki.
- Mifuko mikubwa ya khaki 5. Sababu yake utaiona hatua ya 4.
- Namba za simu: 116 (simu ya msaada kwa mtoto, ya bure, saa 24), Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu, afisa ustawi wa jamii, mtendaji, zahanati. Ziandike na kwenye karatasi. Simu huzima chaji siku hiyo hiyo unayoihitaji.
- Nauli ya safari 4 kwa mwezi, na akiba ya bodaboda ya usiku mmoja ambayo huigusi kwa lolote jingine.
- Miezi 6 ya uhakika. Kama unahama Agosti, usianze Juni.

Visivyohitajika: marobota ya mitumba, katoni za biskuti, kamera. Wapo wanaofika na vyote vitatu, wakapiga picha na watoto, wasionekane tena. Usiwe mmoja wao.

Hatua ya 1. Pita kwenye mlango wa halmashauri

Nenda Idara ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako ukiwa na barua na nakala zako. Sema hivi, bila maelezo mengi: "Nataka kujitolea kwa watoto waliofanyiwa ukatili, chini ya usimamizi wenu, saa 3 kwa wiki." Taja saa. Anayesema "muda wowote mkinihitaji" huwa haitwi, na akiitwa hapatikani.

Omba vitu vitatu: afisa mmoja wa kuripoti kwake, kanuni za maadili za kusaini, na kuunganishwa na kamati ya MTAKUWWA ya mtaa, kijiji au kata. MTAKUWWA ni mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake ndizo zinazotakiwa kujua nani anafanya nini kwa mtoto yupi. Ukiingia nyumba za watu bila kamati kukujua, siku ya kwanza ya maneno utakuwa mtuhumiwa.

Ukichunguzwa usikasirike. Watu wenye nia mbaya nao hutafuta kazi za karibu na watoto, na ofisi inayokupokea bila kukuuliza kitu ndiyo ya kutia shaka.

Hatua ya 2. Tembelea njia kabla ya tukio

Tenga siku moja ya kazi, uzunguke kwa miguu. Dawati la Jinsia liko chumba gani, na nani anakuwepo usiku? Hospitali ya karibu ina kituo cha mkono kwa mkono, yaani sehemu moja ambapo daktari, polisi na afisa ustawi humhudumia mtoto pamoja? Dawa za kuzuia VVU zinapatikana kituo gani cha afya, na wikiendi je? Bodaboda gani ya kuaminika inakubali safari ya saa 6 usiku?

Mtu wa Mbeya mjini anaweza kuona hii ni kazi bure, maana kila kitu kiko karibu. Mtu wa vijiji vya ndani vya Kilolo au Makete anajua mvua ya Machi inavyoifanya barabara ya udongo. Kwake, kujua mapema kwamba zahanati ya kijiji haina dawa kunaokoa nusu siku.

Hatua ya 3. Mtoto akikueleza

Haitakuwa ofisini. Itakuwa mnachota maji, au unamsaidia hesabu, na ataanza pembeni: "Eti dada, mtu akikwambia usiseme, ukisema inakuwaje?"

Acha unachofanya, ila usiruke. Kaa usawa wa macho yake. Sauti iwe ile ile ya hesabu. Maneno yanayofaa ni machache:

"Nakusikiliza."
"Umefanya vizuri kuniambia."
"Si kosa lako."
"Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia. Nitakwambia kwanza ni nani."

Mambo ya kujua ni matatu tu: ameumia sasa hivi? Ilikuwa lini mara ya mwisho? Aliyefanya anaishi au anafika nyumbani? Akishakujibu hayo, nyamaza. Akiendelea mwenyewe, sikiliza, useme "ehe" na "halafu?" basi.

Makosa ya hapa ndiyo yanayoharibu zaidi:

*Kuuliza swali lenye jibu ndani.* "Ni anko, eti?" Mtoto atakubali ili umwache, na wakili wa utetezi atalitumia swali lako mahakamani. 

*Kuuliza "kwa nini".* "Kwa nini hukupiga kelele?" Kwa mtoto hiyo ni hukumu.

*Kuahidi siri.* Huwezi kuitunza. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa. Ukiahidi siri halafu ukaripoti, umekuwa mtu mzima wa pili kumdanganya.

*Kumrudisha aeleze tena* kwa mwenyekiti, kisha kwa shangazi, kisha kwa mchungaji. Kila anaporudia maneno hubadilika kidogo, na mtoto huumia upya. Simulizi iende kwako mara moja, kisha kwa wataalamu.

Na wavulana. Utafiti wa taifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana hutaniwa akisema, kwa hiyo hasemi. Usisubiri sura fulani ya mtoto.

Hatua ya 4. Hesabu saa 72

Kama ni ukatili wa kingono, saa inaanza kuhesabiwa tangu tukio lenyewe, hata kama wewe umeambiwa siku ya pili. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile wahudumu wanaziita PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kuzuia mimba kwa msichana aliyevunja ungo ni ndani ya saa 120, mapema zaidi ni bora zaidi.

Fanya hesabu hii na mlezi, kwa sauti. Tukio la Ijumaa saa 2 usiku, mwisho wake ni Jumatatu saa 2 usiku. Familia ikisema "tusubiri ofisi zifunguliwe", mkafika hospitali Jumatatu saa 4 asubuhi, mmebakiwa na saa 10. Mkianzia kwa mwenyekiti, akawatuma kwa mtendaji, akawatuma kwenye kata, hizo 10 zimekwisha mkiwa kwenye benchi. Hospitali na polisi hazifungi wikiendi. Nendeni usiku huo huo.

Kabla ya kuondoka nyumbani:

Asioge, asinawe sehemu zilizoguswa, asibadilishe nguo. Mchukulie nguo nyingine za kubadilisha huko hospitalini, na kanga au blanketi. Juni na Julai Mafinga au Uporoto baridi si ya mchezo, na mtoto anayetetemeka hapimiki vizuri.

Kama ameshabadilisha, kila nguo iingie mfuko wake wa khaki, isifuliwe, isikung'utwe. Usitumie nailoni. Nailoni hufungia unyevu, nguo huota ukungu, ushahidi huoza. Nguo ikiwa mbichi, ianike ndani, kivulini, juu ya karatasi safi, ndipo uifunge. Andika juu ya mfuko tarehe, saa na aliyeufunga.

Nani anaenda naye? Mlezi anayeaminika na wewe. Mtoto hapandishwi bodaboda peke yake na dereva, hata kama dereva ni mtu wa kanisani kwenu.

Akipewa PEP, ni siku 28, kila siku. Hapo ndipo una kazi ya kweli. Dawa huchefua, na siku ya 5 bibi anasema "mwanangu anakonda, tumwachishe". Panga saa moja isiyobadilika, baada ya ugali wa jioni, chora vibanda 28 kwenye karatasi ukutani, mtoto akate kimoja kila anapomeza. Karatasi isiandikwe jina la dawa. Akitapika au zikibaki siku 5 kuisha, piga simu kliniki.

Hatua ya 5. PF3 na polisi

PF3 ni fomu ya polisi inayopelekwa kwa daktari ajaze alichokiona, kisha irudi polisi. Haina malipo. Anayekuambia uilipie, andika jina lake na saa, umjulishe afisa ustawi. Mtoto akiwa na hali mbaya, anzeni hospitali. Matibabu ya dharura hayasubiri fomu, itafuata.

Kituoni omba Dawati la Jinsia na Watoto, usiongelee kaunta mbele ya foleni. "Afande, shikamoo. Tuna suala la mtoto, tunaomba faragha," inatosha. Atakayezungumza ni mtoto na mlezi. Ukiulizwa, sema ulichokisikia wewe, usijazie. Kabla ya kutoka pata namba ya jalada na namba ya simu ya mpelelezi. Piga nakala ya PF3 kabla haijarudi polisi, impe mlezi aitunze.

Hatua ya 6. Andika siku hiyo hiyo

Ukurasa mmoja kwa tukio moja. Usiandike jina, andika alama ambayo afisa wako anaijua. Mfano:

"Jumanne 14/5, saa 10:20 jioni, barazani kwa bibi. N-3 alisema: 'Anko ananiambia nisimwambie mama.' Nilimuuliza lini. Alisema: 'Juzi.' Alikuwa anavuta ukingo wa sketi. Nilimpigia afisa saa 10:45."

Maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni Kinyakyusa au Kihehe. Yaandike hivyo hivyo, tafsiri iwe chini. "Nadhani amebakwa" ni maneno yako, hayana nafasi humo. Buku likae kwenye sanduku lenye kufuli. Usipige picha ukurasa na kutuma kwenye kundi la WhatsApp, hata la kamati. Kijiji kina simu nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7. Ziara

Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi na haina sifa yoyote.

Chagua siku moja, saa moja. Jumamosi saa 9 alasiri, dakika 45. Mtoto aliyefanyiwa ukatili amefundishwa kwamba watu wazima hawatabiriki, na dawa ya hilo ni mtu anayefika saa 9 kila Jumamosi. Ukichelewa, piga simu. Ukishindwa, sema wiki moja kabla. Watoto 2 kwa wakati mmoja wanatosha mtu mmoja. Ukichukua 5 utawapoteza wote.

Kaeni mahali mnapoonekana ila hamsikiki: barazani, chini ya mparachichi, ukingo wa uwanja. Usiingie naye chumbani na kufunga mlango. Usimpakate, usimshike kabla hajakushika, na uulize: "Nikupe tano?"

Nenda na kitu cha mikono. Karatasi na rangi, kete za bao, kamba ya kuruka, mpira wa makaratasi. Mtoto husema mengi macho yakiwa kwenye kitu kingine. Akichora, usifasiri mchoro. Sema "niambie kuhusu huu", uishie hapo.

Akipandwa na hofu ghafla, moyo unamwenda mbio, mfundishe kunusa chai. Ashike kikombe, hata cha kufikirika. Anusa chai taratibu kwa hesabu ya 4, halafu anaipoza kwa kupuliza kwa hesabu ya 6. Mara 5. Mfundishe siku ambayo ametulia, maana siku ya hofu hajifunzi mtu. Msaidie pia kurudi alipo: ataje vitu 5 anavyoviona, 3 anavyovisikia.

Mlezi naye ana haki ya dakika 10. Kukojoa kitandani akiwa na miaka 9, kupigana shuleni, kung'ang'ania sketi ya bibi: mwambie hayo ni ya kawaida baada ya jambo kama hili, na kumchapa kunayaongeza. Yakizidi wiki kadhaa, au mtoto akisema heri afe, mpigie afisa siku hiyo, usisubiri Jumamosi.

Zawadi kubwa usitoe. Aliyemuumiza huenda naye alianza na zawadi. Daftari na kalamu vipitie kwa mlezi.

Hatua ya 8. Siku ya mahakama

Andika tarehe zote kwenye buku, mkumbushe mlezi siku 3 kabla na jioni ya kuamkia. Kesi nyingi hulegea kwa sababu mashahidi hawakufika, na mara nyingi kilichokosekana ni nauli tu.

Omba afisa ustawi ampeleke mtoto kuona chumba mapema, kikiwa kitupu. Mweleze nani hukaa wapi. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli, hivyo mwambie kitu kimoja: "Sema kweli. Kama hukumbuki, sema sikumbuki." Usimfundishe majibu, hata tarehe. Ushahidi uliokaririshwa hujulikana.

Beba maji, mkate, sweta. Mnaweza kukaa kutwa na kesi ikaahirishwa.

Mambo yakikwama

*Ukoo umeshakaa, wamekubaliana ng'ombe.* Utaambiwa "yamekwisha, usituaibishe". Usibishane juu ya mila. Sema: "Baba mdogo, nimewasikia. Ila hili ni kosa la jinai, mimi wala ninyi hatuna uwezo wa kulifuta." Ondoka, ripoti siku hiyo kwa afisa na dawati. Ukihofia usalama wako, piga 116 badala ya kwenda mwenyewe.

*Anayeshukiwa anaishi nyumba hiyo hiyo.* Usimwambie kwamba umejua, wala usimtishe. Mtoto hatakiwi kulala hapo, lakini pa kulala huamua afisa ustawi: kwa ndugu salama, kwa familia ya kuaminika iliyosajiliwa, au nyumba salama kama ipo. Ukimchukua kwako bila kibali, nia njema yako inaweza kugeuka kesi ya kutorosha mtoto.

*Mtuhumiwa yuko mtaani.* Kijiji kitasema "ameshinda". Mweleze mlezi kwamba dhamana haimalizi kesi. Akimsogelea mtoto au kutuma watu, andika saa na mahali, mpigie mpelelezi.

*Binti ameitwa kazi za ndani mjini katikati ya haya yote.* Huku kwetu hutokea sana: "aende Dar akasahau". Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na shahidi aliyepelekwa mbali ni kesi iliyokufa. Mjulishe afisa kabla basi halijaondoka.

*Ofisi inakuzungusha.* Mara ya pili nenda na barua yenye tarehe, usainiwe nakala. Bado kimya, panda ngazi: kata, halmashauri, mkoa.

*Wewe hulali.* Unaota ya mtoto, unawafokea wa kwako. Mwambie afisa wako, pumzika wiki 2, na mtoto aambiwe mapema nani atakuja badala yako. Unapoondoka kabisa, anza kuaga ziara 4 kabla, ukihesabu naye: zimebaki 3, zimebaki 2.

*Mtoto hasemi kitu.* Ziara ya tatu, ya nne, anakaa tu. Usimsukume na usijaze kimya kwa hadithi zako. Muombe mlezi ungo wa maharage, mchambue wote wawili, mawe huku, maharage huku. Saa 9 na dakika 45 aga, umwambie utarudi Jumamosi.